Mwendo huamuliwa kabla ya mteremko: kuendesha gari Mbulu na Hanang wakati wa mvua na ukungu

Barabara nyingi za wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ama hupanda ukuta wa Bonde la Ufa ama hupita miguuni mwa mlima mrefu. Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Mbulu huvuka mita 2,000, na kilele cha Mlima Hanang huvuka mita 3,400. Gari linalotoka Magara kwenda Mbulu mjini, au linalopanda kutoka Dareda kwenda Bashnet na Dongobesh, linaweza kuondoka kwenye jua na vumbi likafika kwenye ukungu na tope kabla abiria hawajamaliza mazungumzo waliyoanzia chini. Kwa dereva, kujua mwinuko wa mahali anakokwenda ni muhimu kama kujua tarehe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Manyara pamoja na Arusha na Kilimanjaro katika nyanda za juu kaskazini mashariki, eneo lenye mvua za vuli na masika. Kwenye vilima vya Mbulu pengo kati ya misimu hiyo miwili mara nyingi ni dogo, na barabara ya udongo iliyolowa mwezi Novemba huenda isikauke sawasawa hadi Mei. Baada ya hapo huja kipupwe. Kati ya Juni na Agosti mvua ni haba, lakini ukungu wa alfajiri hushuka mpaka barabarani, manyunyu hulowesha uso wa njia bila kuonekana kama mvua, na baridi hukifunika kioo cha mbele kwa mvuke wa pumzi za abiria. Theluji haianguki barabarani Mbulu wala Hanang. Hata hivyo, tatizo linalomkabili dereva wa huko ni lile lile linalowakabili madereva wa Norway au Kanada wakati wa baridi: tairi kukosa kitu cha kushika.

Mshiko wa tairi hupimika. Kwenye lami kavu kipimo chake ni 0.7 hivi, lami ikilowa hushuka kufikia kama 0.4, udongo wa mfinyanzi uliolowa na kuteleza unaweza kufika 0.2, ambacho ni kipimo cha theluji iliyoshindiliwa na magari katika nchi za baridi. Kwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, tofauti hiyo ina maana ya mita 14 za kusimama baada ya breki kushika kwenye lami kavu, mita 25 kwenye lami iliyolowa, na karibu mita 50 kwenye tope. Juu ya hizo ziongezwe mita 14 ambazo gari husafiri katika sekunde moja ya dereva kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Hesabu hizi ni za ardhi tambarare.

Mteremko huleta hesabu nyingine, na hapa ndipo penye kiini cha usalama wa barabara za ukingo wa Bonde la Ufa. Kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani unaoshuka mita 1 kila mita 10, uzito wa gari lenyewe hula 0.1 ya ule mshiko. Kwenye lami kavu hasara hiyo ni ndogo. Kwenye tope lenye mshiko wa 0.2 ni nusu nzima. Gari lile lile la kilomita 50 kwa saa, ambalo lingesimama ndani ya mita 50 kwenye tambarare yenye tope, sasa linahitaji karibu mita 100. Likiwa kilomita 30 kwa saa linahitaji mita 35, na likiwa kilomita 20 linahitaji mita 16. Mteremko ukizidi asilimia 20 kwenye tope la aina hiyo, hakuna breki yoyote itakayolisimamisha gari: magurudumu yatasimama, gari litaendelea. Kati ya mambo matatu yanayoamua kama gari litasimama, udongo na mteremko haviko mikononi mwa dereva. Kilichobaki ni mwendo, nao unapaswa kuwa umeshaamuliwa kabla gari halijainamisha pua.

Udongo nao si wa aina moja. Kwenye vilima vya Mbulu umetawala udongo mwekundu, ambao chini hubaki mgumu huku juu ukifanya utando mwembamba wa utelezi baada ya mvua. Gari halizami humo. Hupata shida ya kusimama na kufuata usukani. Kwenye mbuga za Hanang, kuelekea Basotu na kandokando ya Ziwa Balangida, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Huo hujaza nafasi kati ya meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama kipara, kisha hulimeza gari mpaka kwenye ekseli. Mwenye gari la magurudumu manne ya nguvu hujiamini kote kuwili, na kujiamini huko ni nusu sahihi. Nguvu ikienda kwenye magurudumu yote manne husaidia kuondoka na kupanda. Haisaidii hata kidogo kusimama, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. Land Cruiser na Noah zikishuka pamoja kwenye tope jekundu hutegemea mshiko ule ule, na Land Cruiser ndiyo nzito zaidi.

Uzoefu wa madereva wa mlima unafuata mantiki hii. Kabla ya kushuka, gari husimamishwa mahali tambarare, gia namba moja au mbili huwekwa, na kwa gari la magurudumu manne ya nguvu, gia ya nguvu huingizwa hapo hapo. Injini ndiyo inayolizuia gari. Breki ni ya kugusa kwa vipindi vifupi. Kukanyaga klachi katikati ya mteremko ni kuikata injini isifanye kazi hiyo, na kuachia gari lishuke na gia huru ili kuokoa mafuta ni kosa ambalo halina utetezi wowote mahali kama Magara. Breki zinazokanyagwa mfululizo kwa kilomita kadhaa hupata joto kali mpaka hazishiki tena, hata kama barabara ni kavu. Kwa malori yenye breki za upepo kuna hatari ya ziada: kila mkanyago hutumia upepo, na dereva anayekanyaga na kuachia kwa haraka anaweza kuumaliza kabla kompresa haijaurudisha. Geji ya upepo hutazamwa juu ya mlima, kabla ya kona ya kwanza.

Gari likianza kuteleza upande, mguu hutoka kwenye breki, usukani huelekezwa kule ambako pua inapaswa kwenda, bila kuukata kwa nguvu. Tairi lililofungwa na breki haliwezi kugeuka. Likiachiwa lizunguke hupata tena mshiko kidogo wa kulielekeza gari. Jambo hili ni gumu kulifanya kwa sababu kila silika ya mwili inataka kukanyaga zaidi. Ikibidi kuchagua, ni heri kuliingiza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima kuliko kupigania katikati ya njia upande wa pili ukiwa korongo. Umbo la barabara pia lina la kufanya. Barabara ya udongo hutengenezwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yaende pembeni, na ikilowa mgongo huo husukuma gari kuelekea mtaroni. Palipo na upana wa kutosha na njia ikionekana, magurudumu hukaa pande zote mbili za mgongo na gari hurudi kushoto kwake kabla ya kila kona.

Kupanda kuna kanuni yake. Gari huingia kwenye mlima likiwa na gia itakayolifikisha juu, kwa sababu kubadilisha gia katikati hupoteza mwendo ambao hautarudi. Halifuati gari lingine kwa karibu. Hungoja chini mpaka la mbele limalize, maana la mbele likikwama la nyuma litakuwa limekwama pia, au litagongwa na la kwanza likirudi nyuma. Likishindwa kufika, hurudishwa kwa gia ya kurudi nyuma, moja kwa moja na taratibu. Kujaribu kuligeuza katikati ya mlima ndiko hulilaza ubavu. Utingo mwenye jiwe au gogo mkononi ana kazi halisi hapa, lakini mahali pake ni ubavuni mwa gari na upande wa mlima, si nyuma ya tairi. Abiria kushuka na kupanda kwa miguu si jambo la kuonewa aibu: hupunguza uzito, na kama gari litateleza halitakuwa na watu ndani.

Hali ya barabara imeboreka, na maboresho yenyewe yameonyesha ni wapi hatari ilikuwa. Sehemu kali za Mlima Magara zimewekwa zege, na Daraja la Magara limeondoa kivuko cha mtoni ambacho mto ukijaa kilizikata safari za Mbulu. Zege hushika vizuri hata likilowa, mradi tope lisiletwe juu yake na magari yanayotoka kwenye udongo. Dereva mgeni hudanganyika pale zege linapoishia: hutoka kwenye mshiko wa 0.4 na kuingia kwenye 0.2 ndani ya mita chache bila dalili yoyote machoni.

Lami ya Babati kwenda Singida kupitia Endasak na Katesh inahitaji maneno machache tu. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya, kwa sababu mafuta, vumbi na mabaki ya mpira huelea juu kabla ya kusombwa. Mvua ikizidi na mwendo ukifika kilomita 80, tairi lenye meno yaliyoisha huanza kuelea juu ya maji na usukani huwa mwepesi ghafla. Dawa yake ni kuachia mafuta bila kukanyaga breki. Nchi nyingi za Ulaya huweka milimita 1.6 kuwa kina cha chini kabisa cha meno ya tairi kisheria, na wataalamu wa matairi hushauri milimita 3 kwa mvua. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, inaweka kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi na kilomita 80 kwa mabasi na malori. Hiyo ni mipaka ya juu, na haimwambii dereva kwamba ni salama kuifikia kwenye mvua.

Makorongo huua kwa namna tofauti na mteremko. Korongo linaloshuka kutoka Hanang au kutoka ukingo wa Bonde la Ufa linaweza kuwa kavu saa nane mchana na kujaa saa tisa, ingawa pale linapokatiza barabara hakujanyesha tone. Mvua imenyesha juu. Dalili za maji yanayopanda hujulikana: rangi huwa nzito zaidi, povu huongezeka, na majani, vijiti na mabua huja juu ya maji kwa wingi, kwa sababu maji yanafika kwenye kingo ambazo hayakuwa yamezifagia. Yakianza kupungua, takataka hizo hubaki kando kama mstari juu ya usawa wa maji. Njia rahisi ya kujua ni kuchomeka kijiti pale maji yanapoishia na kukitazama baada ya robo saa. Kikiwa kimefunikwa, safari imesimama. Kikiwa kimebaki nchi kavu kwa hatua moja au mbili, subira imeanza kulipa, kwa kuwa korongo lililojaa upesi mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kuanza kuliinua gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, ya magurudumu manne ya nguvu yakiwemo. Kasi ya maji ikiwa maradufu, nguvu inayolisukuma gari huwa mara nne. Zaidi ya hayo, dereva anayetazama maji ya tope hawezi kuona kama sakafu ya zege ya kivuko bado ipo. Lori lililovuka sasa hivi si ushahidi: lina uzito mara nyingi zaidi, na huenda ndilo limemalizia kung'oa kingo. Baada ya kuvuka maji yaliyotulia, breki hukanyagwa kidogo kidogo gari likienda polepole mpaka zikauke, na hilo hufanywa kabla ya mteremko unaofuata.

Tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua za El Niño, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ilikatika asubuhi na kushuka kama tope zito lenye mawe na magogo. Lilipita Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom, likaua zaidi ya watu 80, likabomoa nyumba na kufunika barabara. Serikali ilieleza kuwa halikuwa tukio la volkano. Ni miamba na udongo dhaifu ulioshiba maji. Kwa watumiaji wa barabara, tukio hilo limebadilisha maana ya mvua kubwa ya usiku miguuni mwa Hanang. Tope la mlima halifanani na mafuriko ya kawaida: hubeba mawe, huenda kasi, na hufuata mabonde yale yale ambayo barabara huyakatiza kwa madaraja na makalvati. Kijito kilichokuwa kinatiririka kwa nguvu kikipungua ghafla huku mvua ikiendelea, huenda kimezibwa juu na kitafunguka kwa mkupuo. Ngurumo isiyokoma kutoka mlimani, mtikisiko wa ardhi, au harufu kali ya udongo mbichi ni sababu ya kuondoka bondeni na kupanda mahali pa juu pembeni mwa mkondo, hata kwa kuliacha gari. Mahali pabaya zaidi pa kusimamisha gari kungojea mvua ipite ni kando ya daraja, na ndipo wengi husimama.

Ukungu wa kipupwe hauna kishindo cha namna hiyo, lakini hudumu miezi mitatu. Kanuni yake ni moja: kwenye njia nyembamba ambako magari mawili yanaweza kukutana uso kwa uso, kila dereva ana nusu tu ya umbali unaoonekana, kwa kuwa nusu nyingine ni ya mwenzake. Ukungu ukiruhusu kuona mita 40, kila mmoja ana mita 20. Kwenye lami iliyolowa, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 17 pamoja na sekunde ya kushtuka, kwa hiyo linaweza kupita. Kwenye tope linahitaji mita 26, kwa hiyo mwendo ushuke hadi kilomita 20. Taa kamili hurudishwa na ukungu machoni mwa dereva. Taa hafifu huonyesha zaidi. Taa za dharura zinazomulika-mulika gari likiwa kwenye mwendo huwachanganya walio nyuma, ambao hawajui kama limesimama au linakwenda wala linataka kukata kona ipi. Mvuke kwenye kioo huondolewa kwa hewa ya kiyoyozi, ambayo ni kavu, au kwa kufungua madirisha kidogo pande zote mbili. Kufuta kwa kiganja huacha mafuta ya ngozi yanayotawanya mwanga wa gari linalokuja.

Katika ukungu huo barabara ina watumiaji wengine wengi. Wafugaji wa Kibarbaig huvusha ng'ombe asubuhi na jioni, na ng'ombe mweusi haonekani mpaka awe karibu mno. Mikokoteni ya punda na ya ng'ombe hurudi kutoka mnadani giza likiwa limeingia, bila taa. Kipande cha plastiki kinachoakisi mwanga nyuma ya mkokoteni ni kitu cha bei ndogo sana, na halmashauri ingeweza kukifanya sharti la kuingiza mkokoteni mnadani.

Bodaboda ndiyo usafiri wa wengi kati ya vijiji na barabara kuu, nayo huanguka kwa urahisi kuliko vyombo vingine. Breki ya mbele ikifunga tairi kwenye tope, pikipiki huanguka papo hapo; kwa hiyo breki ya nyuma na injini ndizo hutumika, gia namba moja, miguu ikiwa tayari kugusa chini. Kubeba abiria wawili na gunia kwenye mteremko uliolowa ni kuondoa uwezekano huo wa mwisho. Abiria anayeshuka na kutembea mita 200 za hatari hapotezi hadhi wala muda wa maana.

Ushauri wa kungoja ni rahisi kuutoa na mgumu kuufuata, kwa sababu gharama ya kungoja huangukia watu maalumu. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia eneo hilo tangu 1955, hana saa sita za kusubiri korongo lipungue. Dereva wa Hiace aliyekubali hesabu ya siku kwa mwenye gari hulipwa kwa kufika, si kwa busara. Kumlaumu dereva peke yake ni kukwepa sehemu kubwa ya tatizo. Mmiliki anayesamehe hesabu siku ambayo mlima haupitiki anaokoa gari lake na watu. Nyumba za kusubiria wajawazito karibu na hospitali hufanya safari ya usiku wa mvua isiwe ya lazima. Mamlaka ya hali ya hewa hutoa taarifa kwa viwango vitatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa hizo zinapaswa kusomwa stendi za Mbulu, Haydom na Katesh kabla magari hayajaondoka, kwa sababu dereva aliyeko barabarani hasikilizi redio kwa utulivu.

TANROADS husimamia barabara kuu na za mkoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, za wilaya na vijiji. Vitu viwili vilivyo ndani ya uwezo wao vingebadilisha mengi: nguzo zilizochorwa vipimo vya kina kwenye kila kivuko cha zege, na kizuizi juu na chini ya kila mlima mkali, chenye mtu mwenye mamlaka ya kukishusha. Leo, mahali pengi, uamuzi wa kuifunga barabara hufanywa na lori la kwanza litakalokwama. Kufunga kwa saa chache hulinda pia barabara yenyewe. Lori la tani 10 likipita kwenye udongo ulioshiba maji huacha mifereji miwili ya kina cha goti. Mvua inayofuata huigeuza kuwa mito midogo inayokata njia, na jua likitoka hukauka ikawa migumu kama tofali, ikawalazimisha madereva kufuata mkondo huo huo mpaka greda lije kuisawazisha.